Wimbo gani ulijaza ukumbi? Sisi hatuna pa kuangalia

Katika maduka ya kadi hapa Uingereza kuna rafu nzima ya kadi za siku ya kuzaliwa zenye mwaka juu yake: 1961, 1962, 1963, na kuendelea. Ndani wamekuandikia bei ya mkate mwaka huo, jina la waziri mkuu, na wimbo uliokuwa namba moja. Mwingereza anaichukua, analipa, anaondoka zake. Mtu wa kwetu ndiye anayebaki pale ameishika, roho inamuuma.

Chukua tarehe zetu wenyewe. 9 Desemba 1961, Tanganyika inapandisha bendera, namba moja Uingereza ni Frankie Vaughan na "Tower of Strength". 12 Desemba 1963, Kenya inapata uhuru, siku hiyohiyo Beatles wanaingia namba moja na "I Want to Hold Your Hand". 26 Aprili 1964, siku ya Muungano, wao kileleni wana Peter and Gordon na "A World Without Love", yaani dunia isiyo na mapenzi (wenye lao kuhusu Muungano watajisemea wenyewe). Sasa niambie, wiki hiyo Dar es Salaam walikuwa wakicheza nini? Mzee mmoja atakwambia Kilwa Jazz, wa pili Western Jazz, wa tatu ataapa ni Salum Abdallah na Cuban Marimba yake kutoka Morogoro. Hakuna wa kumkatalia mwenzake, maana hakuna aliyeandika. Ya Waingereza tunayajua kwa tarehe, ya kwetu tunayabishania kijiweni.

Najua maneno yanakuja. "Huyu kaonja baridi ya Ulaya, sasa anatufundisha muziki." Kaeni kwanza. Sisemi muziki wao ni mtamu kuliko wetu. Nusu ya hizo namba moja zao hata wao wenyewe hawawezi kuzisikiliza leo. Wala sisemi wao ni waaminifu. Chati yao ilianza kienyeji kabisa. Novemba 1952 Percy Dickins wa gazeti la muziki la NME alipiga simu kwenye maduka kama 20 ya santuri, akauliza nini kinauzwa, akajumlisha. Orodha ikaitwa ya nyimbo 12, lakini kwa sababu baadhi zilifungana ikabeba 15. Hiyo ndiyo chati ya taifa yenye heshima leo: simu 20 na kalamu.

Wizi nao ukaja. Mwaka 1969 kampuni ya utafiti wa soko ya BMRB ilianza kupeleka vitabu kwenye maduka 300. Muuzaji anaandika namba ya kila santuri iliyonunuliwa, mwisho wa wiki kitabu kinatumwa kwa posta. Mapema 1971 posta ilipogoma, hesabu ikayumba. Na kampuni za santuri zikishajua duka gani lina kitabu, kazi ni nyepesi: tuma vijana wanunue nakala kadhaa hapa na kadhaa pale, au mpe muuzaji zawadi aandike mauzo ambayo hayakuwepo. Mwaka 1980 televisheni ya Granada iliyaanika hayo hadharani. Mwaka 1983 kazi ikapewa Gallup, kampuni ya kura za maoni, wakaingiza mashine za kurekodi mauzo madukani. Juzijuzi tu, Machi 2017, Ed Sheeran alijaza nafasi 16 kati ya 20 za juu kwa albamu moja, wakaona hii sasa kichekesho, wakaweka kanuni kwamba msanii asizidi nyimbo tatu kwenye chati. Wanaibiwa, wanaona aibu, wanarekebisha kanuni, kanuni inachapishwa. Ninachowaonea wivu ni hicho.

Lakini chati ya mauzo si ya kwetu, na hapa ndipo napishana na wenzangu wanaolilia "chati rasmi kama ya Ulaya". Tuhesabu mauzo gani? Bendi nyingi za Tanzania miaka ya 1970 zilirekodiwa kwenye kanda za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) na zikasikika nchi nzima bila kutegemea mauzo ya sahani. Santuri zilitengenezewa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa hata hiyo njia ikawa taabu. Leo nyimbo zinasafiri kwa flashi, kwa memori kadi ya buku kwenye kibanda cha simu, kwa DJ wa matatu, kwa spika ya baa. Hesabu za YouTube tunazijua jinsi zinavyopikwa. Kura za meseji redioni zinapima nani ana wapambe wenye salio. Na "20 bora" ya mtangazaji, basi tusiseme sana, watu wana familia.

Chati inayotufaa ni ile ya disko, ambayo haikuanzia kwenye mauzo.

Tarehe 26 Oktoba 1974 jarida la muziki la Billboard la Marekani lilimpa Tom Moulton, fundi wa kuchanganya nyimbo za disko, safu kuhusu disko, na humo ikawekwa orodha ya New York. Haikuuliza wimbo gani umenunuliwa. Iliuliza ma-DJ: ukipiga nini ukumbi unalipuka? Namba moja ya kwanza ilikuwa "Never Can Say Goodbye" ya Gloria Gaynor. Pembeni ziliwekwa orodha za maduka machache ya santuri, msomaji alinganishe mwenyewe. Tarehe 28 Agosti 1976 ikatoka orodha ya kitaifa ya nyimbo 30, Bee Gees juu na "You Should Be Dancing". DJ akipiga albamu nzima, orodha iliandika albamu yote kama kitu kimoja, maana hivyo ndivyo watu walivyocheza. Kanuni ilifuata sakafu.

Kwa nini kipimo hicho kilihitajika? Kwa sababu ukumbi ulikuwa unajua mambo ambayo redio haiyajui. Mfano ni wa Mwafrika mwenzetu. Manu Dibango alitoa wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Cameroon mwaka 1972, na upande wa pili wa sahani akaweka "Soul Makossa". David Mancuso, DJ wa New York, akaipata nakala katika duka la Wakaribi huko Brooklyn, akaipiga kwenye sherehe zake za The Loft. Watu wakaanza kuitafuta, nakala zikaisha madukani, wengine wakakimbilia kuirekodi upya. Mwaka 1973 ilifika namba 35 kwenye Hot 100, chati kuu ya Marekani, na safari yake ilianzia miguuni mwa wachezaji.

Hata sahani yenyewe ilibadilika kwa ajili ya sakafu. Moulton alikwenda kukatiwa sahani ya majaribio, sahani tupu za inchi 7 zikawa zimeisha. Fundi José Rodriguez akatumia ya inchi 10, wimbo ukakaa katikati kama kisahani ndani ya sinia. Moulton akataka mifereji itanuliwe ijaze nafasi. Mifereji ikiwa mipana sindano ina pa kuchezea, kwa hiyo unaweza kukata sauti kwa nguvu zaidi na sindano isiruke besi ikipiga. Toka hapo wakahamia inchi 12, na mwaka 1976 kampuni ya Salsoul wakaiuza madukani ya kwanza, "Ten Percent" ya Double Exposure, iliyochanganywa na DJ Walter Gibbons.

Na orodha ikishaandikwa inakuwa shahidi. Kila mtu huku atakwambia disko ilikufa usiku wa 12 Julai 1979, pale Chicago walipolipua santuri za disko uwanjani Comiskey Park. Fungua chati: tarehe 18 Agosti, zaidi ya mwezi baadaye, namba moja Marekani nzima ni "Good Times" ya Chic. Ubishi umeisha. Sisi tukibishana disko lilizima lini Dar, au singeli, muziki wa kasi wa uswahilini, ilivuka lini kutoka Manzese na Tandale kwenda mikoani, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

"Rudi basi uifanye wewe." Jibu la kila Mtanzania kwa aliye nje, hilo. Haya, mpango huu hapa, na hauhitaji mtu wa Ulaya hata mmoja. Tafuta ma-DJ 40 wanaopiga kila wikiendi: wa kumbi, wa vigodoro, wa harusi, wa baa za barabara kuu. Dar isizidi 12, la sivyo utapata chati ya Sinza na kuiita ya taifa. Kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana kila mmoja anatuma nyimbo 10 kwa WhatsApp, kwa mpangilio wa jinsi watu walivyoinuka vitini, si wa jinsi yeye anavyozipenda. Ya kwanza pointi 10, ya mwisho 1. Unajumlisha kwenye lahajedwali, unatangaza jioni, unachapisha na orodha ya kila mkoa.

Singeli itasumbua. Mdundo unapita juu ya mdundo, MC anachana papo hapo, wimbo hauna hata jina. DJ aandike jina la MC na studio iliyotoa mdundo, iwe Sisso au Pamoja, na sekunde 20 za sauti aambatanishe. Bila hiyo sauti utajikuta na majina matatu ya wimbo mmoja, kila jina na pointi zake, na wimbo uliotikisa nchi unashika nafasi ya tisa.

"Ma-DJ watahongwa." Watahongwa, ndiyo, sawasawa na wauza santuri wa Uingereza. Ndiyo maana orodha ya kila DJ inawekwa wazi na jina lake. Wimbo usihesabiwe mpaka utajwe na ma-DJ watatu kutoka mikoa miwili. Ukiona wimbo ni wa kwanza kwa DJ mmoja wa Mwanza wiki tatu mfululizo na wenzake wanne wa palepale hawajautaja hata mara moja, mpigie simu. Akikosa maelezo, orodha yake ya wiki hiyo inatoka, na sababu inaandikwa chini ya chati, jina lake likiwepo.

Gharama? Mtu mmoja wa kujumlisha, bando la mwezi, na sehemu ya kutunzia ambayo haifutiki mtangazaji akihama kituo. Hapo pa kutunzia ndipo tunapofeli kila mara, kwa hiyo chapisha nakala, peleka Maktaba ya Taifa pale Bibi Titi kila mwisho wa mwezi, udai stakabadhi.