Magari yakipunguza jumbe, usalama unapungua?

Magari ya Ulaya yanayowasiliana kwa redio ya gigahezi 5.9 yana kanuni inayozua ubishi: hewa ikijaa jumbe, kila gari lipunguze zake. Wanaopinga wana hesabu yao, tena nzito. Gari la mwendo wa mita 30 kwa sekunde likitangaza lilipo mara 10 kwa sekunde, majirani hupata habari zake kila mita 3. Likishushwa hadi mara 2, husogea mita 15 kabla ya kusikika tena. Ndani ya mita hizo dereva anaweza kuwa ameshakanyaga breki.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kilichotumwa kimepokelewa. Chaneli ya redio hiyo ina upana wa megahezi 10 na kwa kawaida hupitisha megabiti 6 kwa sekunde. Ujumbe wa baiti 400, saini ya usalama ikiwemo, hushika hewa kwa milisekunde 0.6 hivi. Mara 10 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 6 kwa kila gari. Magari 100 yanayosikilizana hula asilimia 60 ya muda wote. Sasa chukua barabara kuu ya njia sita, gari kila mita 25: ndani ya mita 300 mbele na nyuma yamo zaidi ya 140. Hapo jumbe huanza kugongana hewani, hasa za magari mawili yasiyosikiana huku la katikati likiyasikia yote. Na kwa kuwa ni tangazo kwa wote, hakuna anayejibu kwamba amepata. Mtumaji hajui, harudii. Gari linalotuma mara 10 likipoteza jumbe 5 mfululizo linakaa kimya kwa mita 18, kimya ambacho hakuna aliyekipanga.

Wapinzani wamegusa kosa la kweli kwenye udhibiti wa ngazi, yaani ule unaoshusha na kupandisha jumbe kwa hatua kubwa: magari yote hupima msongamano uleule, yanashuka pamoja, hewa inabaki tupu, yanapanda pamoja. Dawa ni kila gari kurekebisha kidogo kidogo kuelekea kiwango cha msongamano kilichowekwa. Kupunguza nguvu ya mawimbi nako husaidia, ila huanza kwa kuwanyima habari walio mbali.

Foleni iliyosimama, ajabu, si tatizo kubwa. Gari hutuma likisogea mita 4, likibadili mwendo kwa mita 0.5 kwa sekunde au mwelekeo kwa digrii 4; vinginevyo mara 1 kwa sekunde. Kinachoelemea ni magari mengi yanayokwenda kasi.

Tahadhari ya ajali hutangulizwa ndani ya gari lenyewe na hungoja muda mfupi kuliko jumbe nyingine kabla ya kuruka hewani. Lakini upendeleo huo hauikingi isigongane na ujumbe wa kawaida wa gari lisiloisikia. Nafasi yake hewani hutolewa na majirani waliokubali kutuma mara 4 badala ya 10.