"Mali Ikiuzwa Hairudishwi": Kibandiko Hiki Kina Nguvu Kiasi Gani?

Ukiingia maduka ya simu na vifaa vya umeme kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi, si ajabu kukuta kibandiko ukutani, au mstari chini ya risiti, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Wateja wengi wakishasoma hapo huona kesi imekwisha. Watetezi wa wanunuzi nao husema kibandiko hicho hakina maana yoyote mbele ya sheria. Kila upande umeshika nusu ya ukweli, na asiyezitenganisha nusu hizo atadai asichostahili au atanyima asichoruhusiwa kunyima.

Chukua mteja aliyebadili nia. Amenunua televisheni ya inchi 43, amefika nyumbani akaona afadhali angechukua ya inchi 50. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimu mwenye duka kumrudishia pesa huyo aliyekuja dukani mwenyewe na kuchagua mwenyewe. Akibadilishiwa, ni hisani tu. Hapo kibandiko kiko sawa kabisa, na kumlaumu muuzaji ni kumwonea.

Sababu zake ni nzito kuliko zinavyopewa uzito. Faida ya chaja au kebo ni ndogo, na boksi likishafunguliwa, mnunuzi wa pili atataka apunguziwe. Kuna simu zinazorudishwa betri au skrini ikiwa imeshabadilishwa kwa fundi, na spika kubwa zinazorudi Jumatatu baada ya kupiga muziki kwenye sherehe wikendi nzima. Ankara iliyopita katika eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), nayo haifutwi kwa kalamu. Ni lazima itolewe hati nyingine ya kuitengua, la sivyo hesabu za kodi hazitalingana. Tena aliyeagiza mzigo Guangzhou, China, chombo kikirudishwa kwake, yeye hana wa kumrudishia.

Mambo hugeuka chombo kikiwa na kasoro. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, iliyochotwa katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, huweka masharti ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka. Mali inayouzwa kwa maelezo, yaani kwa kutajwa jina au sifa zake, na mtu anayefanya biashara ya mali ya aina hiyo iwe na ubora wa kuuzika. Na mnunuzi akieleza kazi anayotaka kuifanya, akategemea ujuzi wa muuzaji, mali iifae kazi hiyo. Mkulima anasema kisima chake kina maji mita 25 chini, kisha anauziwa pampu ya kukaa juu ya ardhi. Pampu ya aina hiyo hufyonza kwa kutegemea mgandamizo wa hewa, na kwa kawaida haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 au 8. Hata kama ni mpya na haina mkwaruzo, mkulima ana dai.

Sasa, sheria hiyohiyo ya zamani iliruhusu masharti hayo kuondolewa kwa makubaliano ya wazi. Ndiyo maana zamani kibandiko kingeweza kuwa na meno. Yaling'olewa na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, Nambari 46 ya 2012, iliyotungwa kutekeleza Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010. Masharti ya Sura ya 31 sasa yanabebwa ndani ya mkataba wa mtumiaji, na sharti lolote linalojaribu kuyafuta ni batili. Maandishi ya chini ya risiti yana udhaifu mwingine pia: hufika mkononi baada ya mteja kulipa. Katika kesi ya Olley dhidi ya Marlborough Court, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1949, hoteli ilijaribu kukwepa lawama za wizi kwa tangazo lililobandikwa chumbani. Mahakama ilisema mkataba ulikuwa umeshafungwa mapokezini, kwa hiyo tangazo lilichelewa.

Watetezi wa wanunuzi huishia hapo, na mimi naona hapo ndipo wanapowapotosha watu. Sura ya 31 ina mambo mawili yanayomsaidia muuzaji. La kwanza: mnunuzi akiikagua mali, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ufa wa skrini aliyoigeuza mkononi akauona, au aliopaswa kuuona, ni wake. La pili: mali mahususi, yaani kile chombo chenyewe alichokichagua, umiliki wake ukishahamia kwa mnunuzi, sheria hiyo humpa dai la fidia badala ya haki ya kukikataa na kurudishiwa pesa zote. Uingereza iliondoa kizuizi hicho mwaka 1967. Kwa hiyo anayeingia dukani akipiga meza kwamba lazima apewe pesa yake yote sasa hivi huenda anadai zaidi ya alichonacho.

Njia huwa nyoofu zaidi pakiwa na uongo. Simu iliyokarabatiwa ikiuzwa kama mpya, hilo ni tendo la hila chini ya sheria ya 2012, na mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja, hata kama simu bado inafanya kazi.

Penye ugomvi wa kweli ni ushahidi. Redio imezima siku ya tisa: ilikuja na kasoro, au iliunguzwa na umeme uliopanda ghafla nyumbani? Sura ya 31 huzungumzia muda unaofaa tu wa kukataa mali, bila kutaja siku. Afrika Kusini iliamua kutaja: sheria yake ya watumiaji ya 2008 inampa mnunuzi wa mali yenye kasoro miezi 6 ya kuirudisha, atengenezewe, abadilishiwe au arudishiwe pesa. Uingereza, kwa sheria ya 2015, inampa siku 30 za kukataa mali mbovu, na kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Naamini Kenya inahitaji siku za namna hiyo, tena ziandikwe pamoja na wajibu wa mwagizaji kumrudishia mwenye duka. Bila sehemu hiyo ya pili gharama yote itamwangukia muuzaji wa rejareja, naye ataiongeza kwenye bei ya kila chaja.

Siku hizo zikiwa bado hazijaandikwa, ushahidi utengenezwe kaunta. Televisheni iwashwe dukani, ichomekwe kebo katika kila tundu, rimoti ijaribiwe. Kwa simu bonyeza *#06#, ulinganishe namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu hiyo, na ya kwenye boksi, kisha muuzaji aiandike kwenye risiti. Hatua hiyo inamlinda na yeye pia dhidi ya anayerudisha simu nyingine. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Jina la till, yaani la namba ya malipo ya duka, mara nyingi si jina lililo juu ya mlango, na ndilo litakalokuonyesha wa kumdai.

Kasoro ikijitokeza, acha kukitumia chombo siku hiyohiyo na usikipeleke kwa fundi wa mtaani. Sili ikishakatika, muuzaji ana hoja ambayo hutaweza kuijibu. Mwandikie: kasoro ni ipi, ilianza lini, unataka matengenezo, mbadala au pesa, na unampa siku ngapi. Akinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au nenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huna haja ya wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60.

Na mwenye duka anayetaka kibandiko kitakachomlinda aandike hivi: "Hatubadilishi kwa sababu ya kubadili nia. Chombo chenye kasoro kirudishwe na risiti. Tutakipima mbele yako." Mstari wa pili autekeleze kweli, na matokeo ya kipimo yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili.