Shaaban Robert kwenye kitabu cha picha: tunaogopa nini hasa?

Huku Tanga ukitaka watu wazima wabishane mpaka chai ipoe, we sema tu Shaaban Robert atungiwe kitabu cha picha cha watoto. Maisha yake yote kwenye kurasa thelathini na kitu, michoro ya rangi, maneno machache kila ukurasa. Wazo hilo limekuwa likizunguka hapa Ngamiani kati ya walimu na wazazi na upinzani wake ni mkali, na wanaopinga sio watu wa ovyo, ni watu wanaomsoma kweli, wengine ukianza ubeti wanakumalizia. Hoja yao ni hii: Shaaban Robert ni lugha, sasa ukimvua lugha ukabakisha mzee wa kofia anatembea ufukweni umebakisha nini? Mtoto atafunga kitabu akijua paliwahi kuwepo babu mmoja mwema aliyekipenda Kiswahili, basi. Na wapo wanaoongeza kwamba huyu kwanza hakuwa mwandishi wa watoto, tusimlazimishe.

Hii ya pili tuimalize haraka. Adili na Nduguze ya 1952 wanafunzi wameisoma miaka na miaka, kile kisa cha liwali mpole ambaye kila usiku anachapa manyani wawili mijeledi, kumbe manyani wenyewe ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa na jini. Msimulie mtoto wa la tano hicho kisa usiku halafu uone kama atakubali kwenda chooni peke yake. Na Kusadikika je, nchi inayoelea angani, wajumbe sita wanatumwa kila upande mpaka mbinguni na ardhini, wanarudi na habari njema wanatupwa jela. Mchoraji gani atakataa kazi kama hiyo? Halafu kuna tenzi mbili za mawaidha, moja alimwandikia binti yake nyingine mwanawe wa kiume. Kwa hiyo watoto walikuwa akilini mwake, tusidanganyane.

Ya lugha ndo nzito, na mi nawapa haki yao. Huwezi kuufupisha utenzi kwa sentensi nne chini ya mchoro halafu ukasema mtoto kamsoma Shaaban Robert. Hajamsoma. Ila nani alisema kitabu cha picha kinakuja kuchukua nafasi ya utenzi? Wenzetu wanakipima kitabu cha maisha kwa mizani ya kitabu cha mashairi, na hapo ndo naona wanakionea, manake kazi yake ni nyingine kabisa. Kazi yake ni kumwambia mtoto kwamba jina analoliona kwenye kava na kwenye kibao cha mtaa Dar na kwenye shule lilikuwa la mtu, na mtu mwenyewe kazaliwa Vibambani pale Machui, kusini kidogo tu ya mji huu, tarehe 1 Januari 1909.

Na huyo mtu alikuwa karani. Hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu hata watu wazima hawalishiki hili. Mwaka 1926 anamaliza shule Dar, anaingia forodhani, anakaa forodhani mpaka 1944. Miaka kumi na nane ya kuandika mizigo ya watu! Kisha idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya serikali hapahapa Tanga, kisha upimaji ardhi. Hakuna siku aliyoajiriwa kuwa mwandishi. Kusadikika, kitabu kinachoshtaki utawala usiotaka kusikia, kimetoka 1951 mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali ya Mwingereza, asubuhi anaripoti kazini kama wenzake. Mtoto wa Makorora ambaye baba yake ni karani bandarini au mama yake anauza maandazi hajawahi kuambiwa hivyo, yeye anajua waandishi ni viumbe wa kwenye mtihani, wameshushwa tu na vitabu vyao. Ukurasa mmoja unaoonyesha meza ya forodha, mihuri, daftari la mizigo na pembeni karatasi yenye ubeti haujakamilika, huo utamfanyia mtoto kitu ambacho maswali ya ufahamu hayajamfanyia.

Tena kuna jambo linaniwasha zaidi. Kafariki Juni 1962, miaka 53, uhuru una nusu mwaka. Kufikirika imetoka 1967. Utubora Mkulima 1968. Siku ya Watenzi Wote 1968. Hebu zipange hizo tarehe vizuri kichwani, riwaya tatu, zile tunazozisoma mpaka leo, mwenyewe hakuzishika mkononi zikiwa na kava. Hakuwahi kufungua akakuta jina lake. Mtoto atauliza tu, kwani kwa nini hawakuzichapa akiwa hai? Na mzazi anayesoma naye itabidi ajibu kitu, amweleze habari za wachapishaji, nani alikuwa na mashine na nani hana, na mswada kulala kwenye karatasi miaka. Mi sijaona somo la historia ya vitabu linaloingia kwa mtoto wa miaka tisa kwa urahisi hivyo, na litaingia kwa sababu ya mpangilio wa kurasa tu, jamaa anazikwa halafu unafungua ukurasa vitabu bado vinaendelea kuzaliwa.

Haya, kuna hoja ya tatu ya upande wa pili ambayo watu hawaitaji sana ila mimi ndo inayonisumbua. Mchoraji lazima abuni. Atachora koroboi mezani kwa sababu sote tunamwona anaandika usiku kwa koroboi, lakini nani alikuwepo akaiona hiyo koroboi? Atachora sura ya mama yake, atachora ua, mwembe, jirani, na picha ikishakaa kichwani mwa mtoto haitoki, kesho mtoto huyohuyo ni mwalimu anafundisha kwamba Shaaban Robert aliandikia koroboi chini ya mwembe. Uongo wa mchoro unasamehewa haraka kuliko wa maandishi, ndo ubaya wake.

Lakini dawa ipo na wenzetu wa mbali washaitumia. Marekani mwaka 2016 Melissa Sweet alitoa kitabu cha namna hii kuhusu E. B. White, yule mwandishi wa hadithi ya watoto Charlotte's Web (ambayo nayo ni ya 1952, sawa na Adili, mambo hayo), na badala ya kujaza kila pengo kwa kubuni akabandika barua za White mwenyewe, rasimu zenye masahihisho, picha za zamani, halafu michoro ikazizunguka. Sisi tunazo barua. Zile alizokuwa akimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958, TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walizitoa kitabu 2002. Mtoto asikie sauti yake mwenyewe humo, tena hapo hata wale wa hoja ya lugha wanapata chao, kwa sababu maneno yatakuwa ya Shaaban Robert sio ya mtu wa kufupisha. Na mwisho wa kitabu paandikwe bila aibu: hiki tunakijua, hiki tumekibuni.

Pesa nazo sio stori ndogo. Rangi inapandisha bei, na kitabu kizuri cha shilingi nyingi kitaishia kwenye nyumba zenye vitabu tayari. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza 1991 uliliona hilo mapema, mchapishaji akichapa nakala 5,000 mradi unanunua 3,000 zinakwenda mashuleni, na bila mnunuzi wa aina hiyo hili letu litabaki maneno ya barazani.

Kwenye jambo moja tu nitakaa upande wa wapinzani, tena bila kusukumwa. Naogopa kitabu kitakachomsafisha. Alipewa nishani ya MBE na Waingereza haohao, na mawaidha aliyompa binti yake yana habari za kumtii mume ambazo binti wa leo atakunja uso. Wahariri wa vitabu vya watoto wana mkono mwepesi wa kufuta vitu hivi, na mchoro wa rangi unasaidia kuficha. Wakifuta, basi mzee wa kofia wa ufukweni ndo huyo anarudi na waliokataa toka mwanzo watakuwa na haki ya kutucheka. Wakiviacha, mtoto atauliza maswali magumu mezani, na mi ningependa aulize.