Nilimlipa Bingwa, Akanizalisha Mkunga

Kila binti wa ukoo wetu anapopata mimba ya kwanza hapa Tanga, haukawii kufika wakati akaja kuniuliza kama aende kwa daktari bingwa wa wanawake au aandikishe kliniki ya kawaida, ambako atahudumiwa na mkunga. Mara nyingi jibu analolitaka tayari analo, kwa kuwa mume amekwisha kuweka akiba na mashoga wamekwisha kumwambia kwamba mwenye uwezo hakai kwenye benchi. Mimi humwelekeza kwa mkunga, isipokuwa pale hali ya mimba yenyewe inapokataa.

Mimba yangu ya kwanza niliipeleka kwa bingwa. Sina baya la kumsema: alikuwa mpole, na kila mwezi alinipima kwa utrasaundi akanionyesha mtoto kwenye kioo. Lakini mazungumzo yetu hayakuzidi dakika tano, na usiku uchungu uliponishika nilifikishwa wodi ya wazazi kwa bajaji nikaambiwa kwamba daktari wangu yuko safarini. Aliyenipokea, akanipima njia, akajaza patografu, ile chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu, akanisugua mgongo tangu saa tano ya usiku hadi alfajiri na hatimaye kumpokea mwanangu, alikuwa muuguzi mkunga ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja. Naye hakuwa na habari zangu ila zile za kwenye kadi, na kadi ilikuwa na mistari mitatu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tunadhani tunachagua jambo ambalo kwa kweli halimo katika hiari yetu. Uzazi wa kawaida katika hospitali zetu huwa mikononi mwa wakunga, hata kwa mwanamke aliyelipia bingwa miezi yote tisa. Methali ya kutotukana wakunga na uzazi ungalipo tunaitumia kwa kila kitu, kuanzia siasa hadi mikopo, isipokuwa kwa wakunga wenyewe.

Ninaposema mkunga, simaanishi bibi wa mtaani. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilichanganya neno hilo, na wengi wa rika lake bado hulichanganya. Muuguzi mkunga amesomea kazi hiyo, amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na chumbani mwake mna sindano ya oksitosini ya kuzuia damu isimwagike baada ya kondo kutoka. Mkunga wa jadi hana sindano hiyo, na damu haisubiri. Mambo ya kukandwa kwa maji ya moto ndani ya arobaini nampa kwa moyo mkunjufu.

Mimba ya pili niliipeleka kliniki ya serikali, na nikabahatika kuonwa na mkunga mmoja karibu kila hudhurio. Presha yangu ilizoea kusoma 110/70, naye aliiandika kila mara. Wiki ya 34 mashine ilisoma 150/100. Aliniketisha, akapima tena, akaupima mkojo wangu akakuta protini, kisha akaniandikia rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, siku ileile, wala hakuniruhusu kupitia nyumbani kuchukua nguo. Presha ya namna hiyo ikiachwa huweza kuzaa kifafa cha mimba. Bombo nililazwa, nikapewa dawa, na bingwa akaamua nianzishiwe uchungu ilipotimia wiki ya 37. Siku hiyo nilimhitaji bingwa kwa dhati, na aliyenifikisha kwake ni mkunga.

Yuko mwanamke anayestahili kuonana na bingwa tangu mwanzo: mwenye mapacha, mwenye kisukari, presha au sikoseli, mwenye kovu la upasuaji, na aliyewahi kutokwa na damu nyingi katika uzazi uliopita. Huyo simshauri kubana fedha.

Nakiri pia kwamba kliniki zetu hazina raha. Mkunga mmoja huweza kuwa na foleni inayofika nje ya mlango, na wapo wenye ulimi mkali ambao humfanya mama afiche dalili aliyopaswa kuitaja. Zaidi ya hayo, bahati niliyoipata ya kuonwa na mtu mmoja si kila mtu huipata. Ndiyo maana huwahimiza mabinti waanze kabla ya wiki ya 12, waulize jina la mkunga na siku zake za zamu, na wasiridhike na mahudhurio mawili matatu, maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza manane. Katika taifa letu vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Mia moja na nne bado ni wengi, na damu na kifafa cha mimba vimo miongoni mwa visababishi vikuu.

Juma lililopita alikuja mpwa wangu wa Pongwe pamoja na mumewe, wakiwa na bei za kliniki mbili za mjini. Niliwauliza, uchungu ukianza saa nane ya usiku, watafika hospitali kwa usafiri gani? Mume akajibu kwamba ana pikipiki. Bei tukaziweka kando, tukaanza kutafuta namba ya dereva wa bajaji.