Mwanamume hakuzaliwa na upungufu wa kujizuia

Mjadala kuhusu ghadhabu, kamari au ugomvi ukishafika kwa wanaume, haukosi mtu wa kusema kwamba ndivyo walivyoumbwa. Siku hizi kauli hiyo inavaa joho la sayansi: ni jeni, ni homoni, ni ubongo. Upande wa pili hujibu kwamba yote ni malezi, na kwamba jeni zinatajwa ili kumtafutia mtu kisingizio. Pande zote mbili zinaruka jambo moja. Jeni zina uzito mkubwa katika kujizuia, kuliko wengi wanavyopenda kukubali, ila kwa kadiri vipimo vinavyoonyesha uzito huo ni uleule kwa mwanamke na kwa mwanamume. Hapo ndipo hoja ya "ndivyo alivyoumbwa" inapoanza kupwaya.

Watu wanapomwita mtu mwenye pupa, wanachanganya mambo ambayo watafiti huyapima mbalimbali: hamu ya msisimko, woga wa adhabu, na uwezo wenyewe wa kusitisha tendo lililokwisha kuanza. Mwaka 2011 Catharine Cross, Lee Copping na Anne Campbell walijumlisha matokeo ya tafiti 277 wakitumia kipimo kinachoitwa d, yaani tofauti ya wastani wa makundi mawili ikigawanywa kwa mtawanyiko wa alama zao. Katika hamu ya msisimko wanaume waliongoza kwa 0.41. Katika kuhofia adhabu wanawake waliongoza kwa 0.33. Katika kujizuia kwenyewe, kule kwa makusudi na kwa jitihada, wanawake waliongoza kwa 0.08 tu.

Nambari hizi zinastahili kukaliwa kidogo, maana zikisomwa haraka zinapotosha. Tukichukulia kwamba alama zimejipanga kwa umbo la kengele, 0.08 maana yake ni hii: ukiokota mwanamke mmoja na mwanamume mmoja bila kuchagua, mwanamke atakuwa na uwezo zaidi wa kujizuia mara 52 kati ya 100. Karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa 0.41 mwanamume atakuwa na hamu zaidi ya msisimko mara 61 kati ya 100, na makundi hayo mawili bado yanafunikana kwa asilimia 84 hivi. Hiyo ni tofauti ndogo. Lakini nenda pembeni kabisa mwa kengele, kwa watu waliozidi wastani kwa vipimo viwili vya mtawanyiko, na utakuta wanaume ni zaidi ya mara mbili na nusu ya wanawake. Ukienda vipimo vitatu, wanakaribia mara nne. Na watu wanaofika polisi, wodi za majeruhi na magerezani hawatoki katikati ya kengele. Tunaowaona ni wa pembeni, kisha tunahukumu jinsia nzima kwa sura yao.

Uwezo wa kusitisha una kipimo chake cha maabara, na kinavyofanya kazi kinaeleza mengi. Mshale unatokea kwenye skrini, nawe unabonyeza kitufe cha kulia au cha kushoto haraka uwezavyo. Katika robo ya majaribio hivi, mlio unasikika baada ya mshale, na hapo unatakiwa usibonyeze. Mlio huanza kwa kuchelewa milisekunde 250. Ukifaulu kujizuia, mlio unacheleweshwa kwa milisekunde 50 zaidi ili kazi iwe ngumu. Ukishindwa, mlio unarudishwa nyuma 50, mpaka unafaulu takriban nusu ya mara. Kutokana na hapo hukokotolewa muda ambao ubongo unahitaji kusitisha mkono, ambao kwa mtu mzima mwenye afya ni kama milisekunde 200 hadi 250. Kasoro yake kubwa ni kwamba mshiriki mwerevu huanza kuvuta muda akiusubiri mlio, na hesabu yote inaharibika. Ndiyo maana matokeo ya kundi dogo, hasa yale yanayotangaza kwamba jinsia moja imeishinda nyingine, yapokelewe kwa tahadhari.

Sasa jeni. Mwaka 2019 Yayouk Willems na wenzake walikusanya tafiti za mapacha, wakiwalinganisha wa kufanana kabisa na wasiofanana. Walikadiria kwamba asilimia 60 ya tofauti baina ya watu katika kujizuia inatokana na urithi. Makadirio hayo hayakubadilika kwa jinsia. Yalibadilika kwa jambo lisilotarajiwa na wengi: nani aliyejaza dodoso, mzazi, mwalimu au mtoto mwenyewe.

Wanaotetea tofauti ya kuzaliwa hukimbilia MAOA, jeni iliyoko kwenye kromosomu X, na si bila sababu. Jeni hii inatengeneza kimeng'enya kinachovunja serotonini, dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe ubongoni. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza familia moja ya Uholanzi ambamo badiliko la herufi moja liliizima kabisa. Wanaume waliolirithi walikuwa na ulemavu mdogo wa akili na milipuko ya fujo. Wanawake waliolibeba walinusurika kwa kuwa na X ya pili, akiba ambayo mwanamume hana. Ni hoja nzito, isipokuwa kwamba kuzimika huko ni nadra mno.

Kinachovumishwa zaidi ni toleo la kawaida la MAOA lenye utendaji mdogo, ambalo linabebwa na takriban theluthi ya wanaume wenye asili ya Ulaya na zaidi ya nusu ya wale wa Asia Mashariki. Japani ina mauaji machache kuliko karibu nchi zote duniani, kwa hiyo toleo hilo peke yake haliwezi kuwa chanzo cha ukatili. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2002, ulisema jambo la namna hiyohiyo: hatari ilionekana toleo hilo lilipokutana na kuteswa utotoni. Wavulana waliokuwa na yote mawili walikuwa asilimia 12 ya waliochunguzwa, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na mtindo wa kuwinda jeni moja moja umepoteza heshima. Uchunguzi wa mwaka 2021 uliotumia takwimu za watu milioni 1.5 ulipata maeneo 579 ya vinasaba yanayohusiana na tabia za kutojizuia, kila moja likiwa na athari ndogo sana.

Wanaotetea tofauti ya kuzaliwa wana ushahidi mwingine ambao hautakiwi kufichwa. Mwaka 2006 Nicole Else-Quest na wenzake walijumlisha tafiti za watoto wa miezi 3 hadi miaka 13, na wasichana waliongoza katika kujizuia kwa d ya takriban 1, pengo kubwa sana kwa kipimo hiki. Sehemu kubwa ya alama hizo ilitoka kwa wazazi na walimu, lakini si haki kuifuta yote kwa sababu hiyo. Wavulana pia hugunduliwa na ADHD, tatizo la kukosa umakini na kutotulia, utotoni mara mbili au zaidi ya wasichana. Nadhani maelezo yanayoingia akilini ni kwamba wavulana wanachelewa kufika, kisha wanafika: kwa watu wazima pengo lile linashuka hadi 0.08, na uwiano wa ADHD unasogea kwenye usawa. Jeni za ADHD zenyewe zinalingana karibu kabisa kwa jinsia zote mbili.

Kwa mtu mzima, basi, kinachobaki cha kushughulikia ni msukumo na mazingira yake. Finland ina badiliko la HTR2B, jeni inayohusika na serotonini, lililobebwa na watu zaidi ya 100,000. Lilionekana mara nyingi zaidi kwa wanaume waliofanya uhalifu wa ghafla, na karibu makosa yao yote yalifanywa wakiwa wamelewa. Wabebaji walio wengi hawajamdhuru mtu. Kwa watu hao pombe ni jambo la kudhibitiwa kabla ya kuwahubiria utulivu.

Leseni za hatua kwa hatua, ambazo New Zealand ilianza kuzitoa mwaka 1987, zinafuata mantiki hiyohiyo. Dereva mpya haendeshi usiku wa manane wala habebi abiria bila kuwa na msimamizi. Sheria haimpimi kijana uwezo wa kujizuia na haibagui jinsia. Inamwondolea usiku na marafiki wa kumchochea, vitu viwili vinavyoamsha ile hamu ya msisimko, ile 0.41.