Seva Ikizidiwa, Tuambieni

Binti alikuwa ametoka Ukerewe na meli ya asubuhi, vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki aliyoizungushia kanga ili isilowe. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo. Nina steshenari ndogo hapa Nyegezi, Mwanza, kompyuta tatu na skana moja, na siku hizi kazi yangu kubwa si kutoa kopi tena, ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Tukaskani vyeti, tukajaza majina, tukafika kwenye kitufe cha kutuma. Nikabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Kaka, imeingia?"

"Subiri kidogo, mdogo wangu. Bado inazunguka."

Ikazunguka dakika nzima. Kisha ukaja ukurasa mweupe pe, katikati namba 504 na maneno mawili matatu ya Kiingereza. Akaniuliza maana yake. Nikamweleza kwamba seva ya mbele, yaani kompyuta inayowapokea wageni wa tovuti, imechoka kuisubiri seva ya nyuma, ile inayofanya kazi yenyewe. Akanitazama, akauliza swali ambalo hadi leo linanikaa kichwani: "Kwa hiyo maombi yangu yamefika au hayajafika?"

Sikujua. Ukurasa haukusema. Tukabonyeza tena, na tena. Kufika alasiri alikuwa na namba mbili za malipo, na mama yake kule Nansio alikuwa ameshalipia ile ya kwanza kwa simu, kumbe mfumo unaitambua ya pili. Meli ya kurudi ikamwacha. Akalala kwa shangazi yake Igoma.

Sina ugomvi na seva kuzidiwa. Mwaloni asubuhi kunajaa hadi huoni pa kukanyaga, na hakuna anayelaumu soko kwa kuwa na watu. Mfumo unaopokea maombi ya nchi nzima lazima uelemewe siku ya mwisho, kwa sababu sisi Watanzania tunatuma siku ya mwisho. Ugomvi wangu ni kule kunyamaza. Anayetengeneza tovuti anajua kabisa siku gani watu watafurika, maana tarehe ya mwisho kaipanga mwenyewe. Kumwacha mtu mbele ya kiduara kisichosema lolote ni uamuzi, hata kama hakuna aliyekaa akauamua.

Wengi wetu tulikulia kwenye kusubiri. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, ukienda Sengerema au Geita kwa njia ile ulikuwa unasubiri kivuko, na siku mbaya ulisubiri sana. Lakini kivukoni ulikuwa na macho. Unaiona pantoni ng'ambo ya pili ikipakia, unayaona magari yaliyo mbele yako, unajua safari hii hampandi, labda ijayo. Basi unashuka, unanunua sato wa kukaanga, unapiga simu nyumbani kusema utachelewa. Kusubiri kulichosha, lakini ulikuwa na la kufanya na muda wako. Ukurasa wa tovuti hauna ng'ambo ya kutazama. Kama mwenye tovuti hakuandika foleni ikoje, hakuna pengine pa kuiona.

David Maister, mtaalamu wa biashara ya huduma, katika andiko lake la mwaka 1985 kuhusu watu wanavyohisi wakiwa kwenye foleni, alisema kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri unakoujua, na kusubiri usikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko ulikoelezwa. Jakob Nielsen naye, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, mwaka 1993, alieleza mipaka mitatu: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu anaona limekuja papo hapo, hadi sekunde 1 mawazo yake hayakatiki, ikifika sekunde 10 akili imeshahama. Mimi nimeziona sekunde hizo 10 dukani kwa macho yangu. Mteja anakuwa ametulia, mikono mapajani. Zikipita kama kumi hivi, mkono unapanda mezani, unaisogelea mausi. Wa kwake au wa kwangu. Hapo ndipo balaa linapoanza.

Chukulia seva ina wahudumu 50, yaani inaweza kushughulikia maombi 50 kwa wakati mmoja, na kila ombi linamchukua mhudumu sekunde 2. Hiyo ni kazi ya watu 25 kwa sekunde. Wakianza kuja watu 100 kila sekunde, foleni inaongezeka watu 75 kwa sekunde. Dakika moja tu, wamejipanga 4,500, na aliye nyuma kabisa atafikiwa baada ya dakika 3. Sasa, programu ya seva ya mbele iitwayo Nginx, ambayo tovuti nyingi mno zinaitumia, isipobadilishwa mpangilio wake huisubiri seva ya nyuma sekunde 60, kisha hukata na kutoa ile 504. Kwa hiyo yule wa dakika ya tatu anakatiwa kabla hajafikiwa. Kwenye mifumo mingi ombi lake linabaki ndani, na zamu yake ikifika mhudumu analifanyia kazi kwa bidii zote na kumjibu mtu ambaye hayupo tena. Wakati huo mtu mwenyewe ameshabonyeza upya, yumo kwenye foleni mara ya pili, na pengine mara ya tatu kupitia simu ya jirani.

Ndiyo maana nasema kimya kinaiongezea mzigo seva ileile inayozidiwa. Mtu aliyeambiwa "ombi lako limepokelewa, usibonyeze tena" anakaa. Mtu ambaye hajaambiwa kitu anagonga mlango hadi uvunjike, na sioni kwa nini tumlaumu. Na kama lawama ni lazima, kwangu zinaishia pabaya. Ukurasa ukigoma, mteja anasema "mtandao wako mbovu", anachukua bahasha yake anavuka barabara kwenda kwa jirani yangu, anaanza fomu upya. Jirani naye kiduara kinamzungukia vilevile. Bando limeliwa mara mbili, ombi limeingia mara mbili, na mimi nimepoteza mteja kwa kosa lililofanyika kwenye seva nisiyoijua iliko.

Kinachoniuma zaidi ni urahisi wa dawa yake. Ukurasa wa kuwaambia watu wasubiri hauhitaji hifadhidata wala kompyuta kubwa. Ni faili moja la maandishi matupu, halifiki hata kilobaiti 10, linawekwa kwenye seva ya mbele au mahali pengine kabisa, ili ile ya nyuma ikizama lenyewe liendelee kuelea. Kwenye Nginx ni mistari michache ya kusema: badala ya kutoa namba za hitilafu 502, 503 au 504 tupu, mpe mgeni faili hili. Na namba 503, yenye maana kwamba huduma haipatikani kwa muda, imo kwenye waraka wa HTTP, kanuni ambazo kompyuta hutumia kuongea na tovuti, tangu mwaka 1996. Inaweza kufuatana na agizo liitwalo Retry-After, yaani rudi baada ya muda fulani, ambalo programu zinaweza kulisoma na kulifuata zenyewe. Kijana aliyemaliza cheti cha kompyuta mwaka jana anaifanya kazi hiyo mchana mmoja. Kinachokosekana ni mtu wa kuikumbuka wiki moja kabla, wakati bado kumetulia.

Kile kitufe cha kutuma nacho kina deni lake. Kikishabonyezwa mara moja kizimike, kiandikwe "Inatumwa". Na kila fomu ipewe alama yake ya siri, ili hata ikitumwa mara tano seva itambue ni ileile na kutoa namba moja tu ya malipo. Hilo lingemwokoa yule binti hela ya mama yake, hata kama seva ingebaki nzito vilevile.

Lakini ninyi wenye tovuti, mkiamua kutuambia, tuambieni kweli. Kuna tovuti zinachora mstari unaojaa: asilimia 20, 60, 99, kisha unakaa kwenye 99 hadi betri ya simu inaisha. Ule mstari haupimi chochote, umechorwa ili tutulie. Panda daladala Buzuruga umsikie konda akiita "Bado mmoja, twende!" na ndani kuna viti sita vitupu. Mara ya kwanza unapanda mbio. Mara ya tatu hata akisema kweli unabaki umesimama nje. Kama mnajua nafasi ya mtu kwenye foleni, mpeni namba yake, aione inavyopungua, naye atatulia. Kama hamjui, semeni tu kwamba watu ni wengi na aliyebaki nje ajaribu baada ya nusu saa. Sihitaji uhakika wa sekunde. Nahitaji kujua kama nimwambie mteja akae au akale.

Najua mafundi wengine watasema dawa ni kununua seva kubwa, si kuandika matangazo. Seva kubwa nunueni, nitafurahi. Ila Marekani, pamoja na fedha zao zote, walifungua tovuti ya bima ya afya ya HealthCare.gov tarehe 1 Oktoba 2013 ikaelemewa siku hiyohiyo. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kuwa siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha ni watu 6. Wao nao walikuwa na ukurasa wa kusubiri, na sikubali kwamba ukurasa mzuri unatibu mfumo mbovu. Nasema tu kwamba hakuna fungu la fedha linalokuhakikishia hutazidiwa kamwe, kwa hiyo maneno ya siku ya kuzidiwa yaandikwe mapema, seva iwe kubwa au ndogo. Twitter walipokuwa wakizidiwa kila mara miaka ile ya mwanzo waliweka mchoro wa Yiying Lu, nyangumi aliyebebwa na ndege wadogo, na maneno kwamba wamezidiwa. Aliyemwona nyangumi alijua tatizo liko kwao, si kwenye simu yake. Hilo peke yake ni msaada mkubwa.

Na yaandikwe kwa Kiswahili. Fomu yenyewe ina maelezo ya Kiswahili, malipo yana maelezo ya Kiswahili, lakini kosa likitokea lugha inabadilika, kana kwamba mtu akishapata shida hafai tena kusemeshwa. Mama wa makamo aliyekuja kumwombea mwanawe mkopo hapaswi kunitegemea mimi nimtafsirie 504. Mwandikieni hivi: "Watu ni wengi kwa sasa na mfumo umezidiwa. Taarifa zako hazijapokelewa bado. Usilipe chochote. Jaribu tena saa mbili usiku." Sentensi hizo nne zinamtosha. Ile ya pili na ya tatu ndizo za maana kuliko zote, kwa sababu mtu mwenye hofu ya kufungiwa dirisha analipa kwanza, anauliza baadaye.

Kwenye saa, nawaomba muwe waangalifu. Mwaka huu nimeona tangazo limeandikwa "mfumo utarudi saa 8:00", basi. Nusu ya wateja wangu wakaja saa mbili asubuhi, kwa kufuata saa ya kompyuta. Nusu wakaja saa nane mchana, kwa kufuata saa tunayoisema sisi. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Kayenze aliyekaa kwenye benchi langu tangu asubuhi hiyo hadi mchana, hataki kuondoka asije akapitwa, kila baada ya muda ananiuliza, "Mwanangu, imerudi?" na mimi sina la kumjibu zaidi ya kuonyesha kiduara. Andikeni kwa maneno: asubuhi, mchana, usiku. Anayetakiwa kuwahi meli ya Nansio aweze kupiga hesabu kama atawahi.