Khalti hakugongwa, aliruka mwenyewe

Kabla hamjaendelea kunitumia zile emoji za kucheka nataka jambo moja likae sawa: khalti, ndugu ya mamangu, hakugongwa. Aliruka mwenyewe. Gari linafika yeye yuko juu ya benchi kitambo, na thamosi mkononi, na mtu wa umri wake kuruka vile ni afya, alhamdulillahi, mngempongeza badala ya kunisema mimi. Lakini najua nyote mshapata hadithi kutoka kwa yule rafiki yangu, jina simtaji, hapa ntamwita Mdomo, aliyetuma voisi noti kwenye grupu la mtaa, grupu la mpira na grupu la harusi, eti gari liliwaka moto, eti mwenye mihogo alikimbia akaacha biashara, eti mimi nlilia. Moto haukuwaka. Mwenye mihogo hakukimbia, alikuwa amekaa chini anacheka mpaka anafuta macho. Hilo la tatu tuliache.

Haya. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nna gari la rimoti, na tafadhali msinambie "toi". Ni la kipimo cha 1/10, yani moja ya kumi ya gari la kweli, mota yake ni brashlesi, yani haina zile brashi za kaboni za kusuguana ndani, inazungushwa na umeme unaopangwa na lile boksi dogo linaloitwa ESC. Mota ni ya 3200 KV, manake kila volti moja inaipa mizunguko 3,200 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na betri ya lipo ya seli 3 ikijaa ni volti 12.6, pigeni hesabu wenyewe, 40,320. Na nguvu zote hizo zinapita mahali pamoja tu, pale pinioni, ile gia ndogo ya chuma iliyo kwenye shafti ya mota, inapoiuma spa, ile gia kubwa ya plastiki. Chuma na plastiki. Wakigombana mnajua nani ataumia.

Sasa hizo gia zinavyokaliana ndo meshi, na kuset meshi ndo kazi inayompima mtu kwenye haya magari. Ukizibana sana gari linapiga mluzi, mota inachemka, betri haikai. Ukiziachia sana meno yanagusana kwa ncha, ukivuta triga ya rimoti yanakatika. Na dawa yake si siri, unakata ukanda wa karatasi ya daftari, unaupitisha katikati ya gia, unasukuma mota mpaka zibane karatasi, unakaza skurubu za mota, halafu unazungusha gia karatasi itoke upande wa pili. Ikitoka imejikunja kunja lakini haijachanika, umepata. Itikise spa kwa kidole, isikike "tk" ndogo. Kisha zungusha ujaribu na pande nyingine, kwa sababu hizi spa za plastiki haziko duara sawasawa, huwa kuna mahali panabana kuliko pengine.

Haya yote nayajua mimi. Nimefundisha watu. Nimemfundisha Mdomo!

Ila siku hizo meshi yangu ilikuwa imebana kidogo, gari likizunguka ukigusa mota unaondoa kidole mbio, na Mdomo kazi yake ilikuwa moja, "legeza kidogo bro, hebu legeza kidogo." Basi Jumapili alasiri tunatoka Kibokoni twenda kupunga upepo Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, nyumba nzima, khalti amepika kaimati sinia zima, tuktuk iko nje inapiga honi, na mimi niko sakafuni, gari liko uchi, alen ki, ile ya kukazia skurubu, iko mdomoni, natafuta karatasi. Daftari za watoto zimefungiwa kabatini. Risiti ya duka nikaijaribu, nyembamba, ikachanika. Nkatia mkono kwenye begi langu la vifaa, mfuko wa pembeni, nkatoa kadi. Kadi safi, ngumu, ina nakshi za dhahabu na maandishi ya kuinuka. Nkaikata ukanda.

Wale mnaojua mambo haya naona mshashika vichwa. Sawa. Karatasi ya daftari ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita na kadi ya harusi ni mara tatu yake au zaidi, naelewa, lakini nyinyi hamkuwa mnapigiwa honi na tuktuk! Nkabana, nkakaza, nkazungusha, kadi ikatoka na alama za meno nzuuuri. Nkaitikisa spa, ile "tk" ikawa "tak". Nkasema ah, ndo kulegeza kwenyewe huku. Nkakata ukanda wa pili nkapima na upande mwingine, nsije nkasemwa sikupima. Na ile gundi ya buluu ya kuzuia skurubu zisifunguke ilikuwa imeisha nkatia rangi ya kucha ya dadangu, nyekundu, na hili msinicheke, rangi ya kucha inashika, na mpaka leo zile skurubu hazijasogea hata nywele. Dadangu hajui, anasoma hapa.

Mama Ngina mnaijua ilivyo jioni ya Jumapili, tangu waitengeneze 2019 imekuwa njia pana ya kutembea, chini imelainishwa, mibuyu ile ya zamani imeachwa palepale, meli zinapita mbele yako zinaingia Kilindini utadhani ukinyoosha mkono utazishika, na watu wameenea, madafu, achari, mabuyu, mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili. Khalti na wenziwe wakachukua benchi moja, sinia la kaimati kwenye kikapu chini, mazungumzo yakawa ni harusi, kama kawaida, harusi ya bintiye imekaribia, na zaidi walikuwa wanamsema ami yangu wa Tudor. Kwamba ana kiburi. Kwamba ametumiwa kadi kwa heshima zote na hata simu ya kusema nimeipata hakupiga. "Mtu huyu anajiona nani?" khalti akasema. Mimi nkatikisa kichwa, nkasema kweli khalti, si vizuri.

Kumbukeni hapo.

Nkalitia gari chini. Watoto wakaja. Nyinyi hamjui raha ya kuzungukwa na watoto wasiokujua wanaokuona bingwa. Mmoja akaniuliza, "Ami, linashika ngapi?" nkamjibu kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kujisifu, "Sitini hivi na ushei, inategemea upepo." Inategemea upepo! Nkalipeleka raundi ya polepole, safi, mluzi hakuna, mota nkaigusa baridi. Mdomo akatoa simu arekodi. Akasema, "Umeona? Si nlikwambia ulegeze?" Na hayo maneno kwenye video ameyakata, nataka mjue.

Sasa hapa tuende taratibu kwa sababu yeye amepapita mbio. Gari liko chini ya mbuyu, uso umeelekea kwangu. Nnavuta triga yote. Linatoka, mbele linainuka kidogo, watoto wanasema "waaa", na mimi natabasamu, tabasamu hilo mmeliona, Mdomo ameliweka kwenye status. Nasikia "tak". Nasikia "tak tak tak". Bado natabasamu. Halafu KRRRRRRR, sauti inayoingia mtu kwenye magego, halafu mota ikapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia, yowe la mizunguko elfu arobaini isiyo na kazi yoyote ya kufanya. Yule mtoto akashangilia, "Limeongeza spidi!" La, mwanangu, hapo ndo limekata mguu. Ila limekata likiwa mbio tayari, na njia ni laini, na mteremko kidogo upo, gari likanipita mguuni linakwenda zake.

Mdomo akapiga kelele, "Breki!"

Breki. Ndugu zangu, haya magari hayana breki kwenye matairi. Breki ni mota ileile. ESC inaizuia mota, mota inazuia pinioni, pinioni inazuia spa, spa inazuia matairi. Spa ikiwa haina meno, nabana breki mpaka kidole kinauma, mota inanitii kwa adabu zote, inasimama tuli, na matairi yanaendelea na safari yao kama hayakuambiwa kitu. Kilichobaki ni usukani peke yake, huo una kimota chake, sevo, haujui lolote kuhusu gia. Kwa hivyo naweza kuchagua nnakokwenda lakini siwezi kuchagua kutokwenda.

Mbele, karai la mihogo, mafuta yanatokota, na mwenyewe ameinama. Kushoto, kundi la watoto. Kulia, benchi.

Na kinachoniuma ni kwamba nlikuwa na muda. Si kwamba mambo yalitokea ghafla. Nliangalia karai. Nkaangalia watoto. Nkamwangalia khalti, ameinua kikombe, anasema jambo kuhusu ami. Nkakunja kulia.

Khalti akaliona gari. Akaniona mimi na rimoti. Akaliona gari tena. Akashusha kikombe akakiweka chini, vizuri, hakikumwagika, akachukua thamosi, akakusanya buibui lake kwa mkono mmoja, na kabla sijasema "khalti" alikuwa kasimama juu ya benchi. Huyu ni khalti ambaye Ijumaa tulimpandisha ngazi watu wawili, magoti, maskini. Wenziwe wawili hata hawakuwahi kugeuka. Gari likapita chini yake likakita kwenye kikapu, sinia likapinduka, kaimati zikatawanyika njia nzima na shira yake, na mimi kwa kiwewe kidole kikarudi kwenye triga, kwa hivyo chini ya benchi pakaanza tena lile yowe, na khalti juu anapiga lake. Kisha wakashuka kunguru. Kunguru wa mji huu hawangoji karibu.

"Lizimeeee!"

Nkalizima. Nkalitoa. Na hapa ningechukua gari langu nkaenda nyumbani mambo yangeisha, lakini watoto walikuwa wanatazama, na nlitaka ionekane ni hitilafu ya kitaalamu, nkakaa palepale mbele ya benchi nkafungua kifuniko cha gia. Likamwagika vumbi jeusi la plastiki. Spa ilikuwa laini kama kaimati yenyewe. Nkasema kwa sauti, wasikie, "Mmh, spa," nkatia mkono kwenye begi kutoa alen ki, na ile kadi ikatoka nayo ikaanguka kifudifudi. Mdomo, Mwenyezi Mungu amuongoze, akaiokota akaigeuza.

Khalti bado yuko juu ya benchi. Anaona vizuri kutoka kule.

"Hiyo si kadi ya mwanangu?"

Kimya.

"Hiyo si ile nlokupa umpelekee ami yako Tudor?"

Mwenye mihogo akazima jiko akasogea kusikiliza. Jamani. Kadi nlipewa mkononi, nkaambiwa leo leo, nkaitia kwenye mfuko wa begi isikunjike, kwa heshima, halafu ikawa mambo mengi. Wenziwe khalti, ambao muda wote walikuwa wanakubaliana kuhusu kiburi cha ami, wakaanza kutazama meli.

Yaliyobaki si ya maana. Mihogo nkanunua ya watu wote, badala ya kaimati. Mota nzima, ESC nzima. Spa mpya nimeagiza Nairobi inakuja na basi, nauli ya kifurushi imeizidi spa yenyewe bei. Khalti hasemi na mimi ila kwa kupitia mama. Na kadi za ziada hazikuwepo, zilichapishwa kwa hesabu, kwa hivyo hukumu ikawa nizitafute zile kanda sakafuni, nizigandishe na selotepu, na niipeleke Tudor mwenyewe, kwa mkono, asubuhi yake.

Ami nlimkuta barazani na kahawa. Shikamoo ami, marahaba, habari za nyumbani, nzuri. Nkampa. Akavaa miwani akasoma kwa sauti, pole pole, akafika pale penye jina la ukumbi akasimama. Akapasogeza mbali, akapaleta karibu, akapapapasa kwa kidole.

"Hapa pameng'atwa na nini?"

"Gia, ami. Meno kumi na tano."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akageuka akaita ndani, "Mama watoto! Njoo uone kadi tulotumiwa na yule bibi."